Wanawake Watano wa Wimbo Mmoja

Fundi alikuwa na mbinu moja tu ya kuukwepa wimbo wa mumewe, na mbinu yenyewe ilihitaji umeme. Kila redio ya jirani ilipoanza kupiga "Ukishuka Ngazi", alikandamiza mguu kwenye pedali, cherehani ikanguruma mpaka wimbo uishe. Kwa mtindo huo aliwahi kushona pindo la pazia la mita nane ambalo hakuna mteja aliyeliagiza. Aliwahi pia kuishona mifuko ya suruali ya mwalimu mmoja ikafunga kabisa, na mwalimu akamshukuru, akidhani ndiyo fasheni iliyoingia.

Wimbo ulikuwa na umri wa miaka thelathini. Ulimfanya mumewe kuwa mtu ambaye hawezi kununua nyama bila kushikwa mkono na watu watatu, wa nne akimlilia begani. Kuna watu walioana kwa wimbo ule, kuna walioachana, na kuna wawili aliowajua yeye mwenyewe ambao waliachana, wakausikia kwenye foleni ya benki, wakarudiana papo hapo. Kila baada ya miaka kadhaa mwimbaji aliitwa studio auimbe upya, mara kwa gitaa moja, mara kwa tarumbeta, mara kwa kwaya ya watu arobaini. Matoleo yalikuwa yamefika matano. La sita, lililounganisha beti zote, lilikuwa lizinduliwe Jumamosi alasiri kwenye ukumbi mkubwa.

Fundi alikuwa amelisikia toleo la kwanza tu, mara moja, wiki mbili kabla ya harusi yake. Mwanamke wa wimbo alishuka ngazi mbilimbili, gauni la bluu likipepea, huku anapiga mluzi. Fundi hakuwahi kumiliki gauni la bluu. Na mluzi, tangu azaliwe, kila alipojaribu kilichotoka ni mate. Basi akajua kwamba wimbo una mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Akajikaza kisabuni, akaolewa, kwa sababu alimpenda yule mwanamume kupita kiasi, na kwa sababu kadi zilikuwa zimeshagawiwa. Hakuuliza. Unaweza kusema miaka thelathini ni mingi kukaa na swali moja, lakini wapo watu wanaokaa na jino bovu muda huo huo, wakitafunia upande wa pili.

Jumatano ile umeme ulikatika tangu asubuhi.

Kibanda chake cha kazi kilikuwa chumba kimoja chenye meza ya kukatia, cherehani mbili, na kamba iliyotundikwa nguo za watu. Fundi hakushona nguo mpya. Kazi yake ilikuwa kurekebisha: kupunguza, kupanua, kufupisha, kuzifanya nguo zilizokatiwa mtu mmoja zimkae mwingine. Mdogo wake alikuwa mkono wake wa kulia, ingawa mkono wenyewe ulikuwa na mdomo. Alikaa karibu na mlango akifumua mishono na kuchunguza nani anapita na nani.

"Wageni wako hao," alisema. "Na leo huna pa kukimbilia."

Walioingia walikuwa wawili. Wa kwanza ni mzee aliyestaafu ukarani wa posta, anayeitwa Daftari kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila daftari lake. Wa pili ni mfamasia wa duka la dawa lililo mkabala, mama wa sauti nene, aliyebeba mfuko wa nailoni kifuani. Wote wawili walikuwa wazee wa kamati ya mashabiki wa wimbo. Na kama mashabiki wote, walimwita Fundi shemeji, maana walishamhesabu mumewe kuwa ndugu yao wa tumbo moja bila kumwuliza.

"Shemeji, salamu ya leo ina kazi ndani yake," alisema Daftari.

Mfamasia akafungua mfuko, akatoa gauni. Lilikuwa la bluu.

Fundi alilitazama bila kulishika.

"Ni la nani?" aliuliza.

"La mpwa wangu," alisema mfamasia. "Jumamosi atashuka ngazi za jukwaani wakati kaka yetu, yaani mumeo, anaimba. Mbilimbili, kama kwenye wimbo. Ni mshangao, hata mwimbaji mwenyewe hajui. Tumepunguziwa bei dukani kwa sababu ni kubwa. Kiuno kiingie vidole vitatu, na chini upandishe kidogo asije akajikwaa tukaonekana kituko."

"Tulipiga kura," Daftari aliongeza, akiweka miwani yake vizuri. "Kura mia mbili na kumi na moja. Wa Bluu ameshinda."

"Wa Bluu ni nani?"

Daftari na mfamasia walitazamana kama watu walioulizwa jua ni nini. Mdogo mtu akaanza kukohoa kikohozi kisicho cha mafua.

Kwa kawaida hapa ndipo cherehani ingenguruma. Fundi alikanyaga pedali kwa mazoea, na pedali ikamjibu kwa ukimya. Akachukua sindano ya mkono. Akalilaza gauni mapajani, akaanza kulipandisha upindo, mshono mmoja mmoja, na masikio yake yakabaki wazi hayana mlinzi.

"Shemeji, usichukie," alisema Daftari, na akavuta kigoda. "Wewe ni mke, heshima yako ipo. Lakini wimbo ni wimbo. Mimi nimeufanyia utafiti miaka kumi na tisa. Kila toleo, yule mwanamke anayeshuka ngazi anabadilika. Sio mmoja! Ni watano." Akafungua daftari. Kurasa zilikuwa na mistari ya rula na wino wa rangi mbili. "Watu wanalia tu, hawasikilizi. Mimi nasikiliza. Toleo la kwanza: *Washuka mbilimbili, bluu yakufuata nyuma, mluzi wako umetangulia.* Huyu ni Wa Bluu. Kijana, mwepesi, hana shida duniani."

"Huyo namjua," alisema Fundi kwa sauti kavu.

"Toleo la pili, miaka minne baadaye. *Na uzi mweupe begani, hujui kama umeubeba.* Huyu tunamwita Wa Uzi. Mtu wa vurugu, hajitazami kwenye kioo."

"Mchafumchafu," alisema mfamasia.

Mdogo mtu alimtazama dada yake, ambaye begani alikuwa na nyuzi tatu, moja nyeupe.

"Toleo la tatu, lile la tarumbeta. *Washuka kiubavu, mkono ukutani, dunia nzima imekupisha.* Wa Ubavu. Mwanamke mnene, wa fahari, mwenye cheo pengine. Tunahisi alikuwa mke wa mkubwa fulani."

Sindano ilisimama. Fundi alikumbuka ngazi za ghorofa yao wakati ana mimba ya mapacha: jinsi alivyozishuka kiubavu kama kaa, mkono mmoja ukutani na mwingine chini ya tumbo, na mume wake kasimama chini kabisa na mkoba wake wa kazi, akiwaamuru wapangaji wote warudi nyuma wapishe. Hata yule wa ghorofa ya nne aliyekuwa na kabati mgongoni alirudishwa juu.

"Endelea," alisema.

"Ohoo, sasa shemeji ameingia!" Daftari alifurahi. "La nne, la kwaya. *Umesimama katikati watafuta miwani, na miwani i kipajini pako.* Mimi, nikuambie ukweli, ni Wa Miwani damudamu. Nilimpigia kura, tukashindwa. Ninampenda yule mwanamke. Ninatamani siku moja nimwone kwa macho yangu."

"Nimeiweka wapi miwani yangu?" Fundi alisema, akipapasa meza. "Upindo huu siuoni vizuri."

"Iko kichwani, shemeji," alisema Daftari kwa adabu, akageuza ukurasa. "La tano. Gitaa moja tu, hakuna ngoma. *Hatua moja, pumzika. Nyingine, pumzika. Nami huku chini sina haraka.*"

Mfamasia alishika kifua. "Huyo ndiye wangu. Wa Goti! Kila nikimsikia nasema, laiti ningejua anakaa wapi nimpelekee dawa ya kuchua. Maskini, hana wa kumwuzia dawa nzuri."

"Dawa ya goti unamwuzia nani kila Jumatatu?" mdogo mtu aliuliza.

"Wateja ni wengi," alisema mfamasia. "Shemeji, ile yako imeisha?"

Fundi aliichomeka sindano kwenye upindo. Alikuwa amepigwa na butwaa, mdomo wazi, na jambo lililokuwa likimpanda kifuani lilikuwa furaha na hasira kwa pamoja. Furaha ilikuwa kubwa. Hasira nayo haikuwa ndogo. Akasimama ghafla kuwasindikiza, ili apate kuwa peke yake, na gauni la bluu likasimama naye. Alikuwa ameushona upindo wote wa mbele kwenye sketi yake.

"Lifuateni Ijumaa," alisema, gauni likining'inia. "Litakuwa tayari."

Walipotoka, mdogo wake alichukua mkasi, akapiga magoti kumtenganisha dada yake na gauni.

"Wewe ulijua?" Fundi aliuliza.

"Tangu toleo la pili."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia saa ngapi, dada? Kila wimbo ukianza unakanyaga cherehani kama unakimbizwa na polisi. Nikajua hutaki kusikia habari zake. Mimi ni nani niingilie ndoa ya mtu?"

Kauli hiyo, kutoka kwa mtu aliyeingilia ndoa za mtaa mzima, ilikuwa ngumu kumeza, lakini Fundi hakuwa na nafasi ya ugomvi wa pili.

Saa saba mumewe alifika na bakuli la chakula cha mchana, kama kila siku. Mwimbaji yule ambaye mabinti walimchora kwenye mikoba yao alikuwa mwanamume wa upara, mwenye kandambili, aliyetembea kwa uangalifu mchuzi usimwagike. Nyumbani hakuimba hata bafuni. Alisema koo ni la kazini.

"Nenda kanunue vifungo," Fundi alimwambia mdogo wake.

"Vifungo tunavyo kopo zima."

"Nenda."

"Nina nguo za kupiga pasi," alisema mdogo mtu, akainua pasi ya umeme iliyo baridi, akaanza kuipitisha juu ya shati kwa bidii ya kutisha.

Fundi akamgeukia mumewe, akamtandazia gauni la bluu juu ya meza. "Baba Pacha. Ni nani huyu?"

Mwimbaji aliweka bakuli chini. Alilitazama gauni kwa muda, kisha akakaa kwenye kigoda cha Daftari. Hakujitia hamnazo, na kwa hilo Fundi alimshukuru kimoyomoyo.

"Alikuwa mpangaji wa ghorofa ya pili," alisema. "Kabla sijakujua. Nilikuwa nasimama chini na gitaa asubuhi, yeye anashuka mbilimbili anawahi kazini. Miezi saba. Siku moja nikapiga moyo konde nikamwamkia."

"Akasemaje?"

"Alinipa hela. Alidhani mimi ni ombaomba."

Pasi ilisimama, halafu ikaendelea.

"Alihama mwezi uleule," mumewe aliendelea. "Lakini wimbo nilikuwa nimeshaurekodi. Halafu nikakutana na wewe, na wimbo huo ndio ukatoka, tena ukapendwa. Ningefanya nini? Siwezi kuurudisha redioni niseme samahani, mwanamke amebadilika. Basi kila waliponiita kuuimba upya, nikaurekebisha. Nilichota kwako. Kila asubuhi nakusubiri chini ya ngazi, kila asubuhi naona kitu. Nimeupunguza huku, nimeupanua kule. Nilifikiri kati ya watu wote duniani, wewe ndiye utaielewa kazi ya namna hiyo."

"Miaka thelathini hujaniambia!"

"Nilikuambia. Nilisema kwenye redio, kwenye mikanda, na kwaya ya watu arobaini wakasema na mimi."

"Kila mtu kasikia isipokuwa mimi! Mimi nilikuwa nakanyaga cherehani nisikusikie!"

Mwimbaji alimtazama mkewe kama mtu ambaye ndiyo kwanza anamwona. "Nilikuwa napita hapo nje," alisema polepole. "Wimbo ukianza nasikia mashine inakwenda mbio. Nikajua umefurahi. Nilikuwa nawaambia wanabendi, mke wangu akisikia wimbo wake hufanya kazi mara mbili."

Mdogo mtu alicheka mpaka akakalia shati la mteja. Fundi naye alicheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Akalia kwa hasira, kwa miaka yote aliyoitafuna bure, na mumewe akasogea akamshika mabega. Alipomaliza alijifuta kwa kitambaa cha bitana, akarudi kuwa fundi.

"Beti nne ni zangu," alisema. "Nimezipokea. Lakini ule ubeti wa kwanza, Jumamosi usiuimbe."

Rangi ilimtoka mwimbaji. "Mama Pacha, huo ndio watu wanaouimba na mimi. Wamelipa kuja kuuimba. Nikiuruka watanizomea, na kamati ya Daftari itanifukuza mjini. Bendi imefanya mazoezi miezi miwili. Niombe kingine chochote."

"Sina kingine. Nimekaa na yule mwanamke ndani ya nyumba yangu tangu siku ya harusi. Nataka ahame."

Mumewe hakuahidi. Alikusanya bakuli ambalo hakuna aliyeligusa, akaondoka nalo, na mchuzi ukamwagika njiani.

Gauni lilikuwa tayari Ijumaa, kiuno kimeingia vidole vitatu barabara. Mtu anaweza kuwa na kisirani na gauni, lakini jina la kazi ni jina la kazi.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakaketi kwenye madirisha. Fundi, ambaye hakuwa amekanyaga onyesho la mumewe hata mara moja, aliketi safu ya tatu, mguu ameunyoosha chini ya kiti cha mbele kwa ajili ya goti. Upande mmoja alikaa mdogo wake, na upande wa pili Daftari, kalamu mkononi. Alijiambia kwamba akiuimba ule ubeti, hatasema neno, atarudi nyumbani na kupika kama kawaida. Alijua pia kwamba hiyo haitakuwa kawaida tena.

Mumewe alitoka akiwa amevaa suti ambayo yeye mwenyewe aliipunguza mikono. Gitaa likaanza. Watu elfu nzima wakavuta pumzi.

Mwimbaji akafungua mdomo, halafu akaufunga.

Gitaa likazunguka tena. Hakuimba. Kwa muda mfupi ukumbi ulishangaa, kisha ukaelewa kwa namna yake: mzee anataka tumwimbie! Elfu moja wakaupokea ubeti kwa pamoja, *washuka mbilimbili*, wengine wakilia tayari, mfamasia akiwazidi wote kwa sauti. Juu ya ngazi za jukwaa akatokea mpwa wa mfamasia ndani ya gauni la bluu. Akashuka mbilimbili, anapiga mluzi, upindo ukimfuata bila kasoro hata moja. Akafika chini, akanyoosha mkono kama kamati ilivyomfundisha. Mwimbaji, kipaza sauti kikiwa pajani, alisogea pembeni akampisha kwa heshima, kama mtu anavyompisha jirani anayewahi kazini. Binti akabaki na mkono hewani, halafu akaona mlango wa pembeni, akaupitia.

Watu walipomaliza, mwimbaji akainua kipaza sauti. Alikuwa anatazama safu ya tatu. Akaanza na uzi mweupe.

"Amemruka Wa Bluu!" Daftari alinong'ona. "Miaka thelathini jukwaani hajawahi kumruka! Ameugua?"

Huku na kule minong'ono ilipanda. Mtu mmoja nyuma alipiga mayowe kwamba arudie mwanzo. Mwimbaji hakurudia. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola, na sauti yake ilikwaruza mahali ambapo kwa kawaida haikukwaruza, lakini aliendelea.

"Ni mimi niliyemwambia amruke," Fundi alisema. Alishindwa kujizuia, na wala hakutaka. "Hao wengine wote ni mimi. Wa Uzi, Wa Ubavu, Wa Miwani, Wa Goti. Wote."

Daftari aligeuka akamtazama. Alimtazama usoni, akatazama miwani iliyopandishwa juu ya kipaji, akatazama mguu ulionyooshwa chini ya kiti. Kisha, kwa huruma kubwa ya mtu aliyefanya utafiti, akaushika mkono wake.

"Shemeji," alisema kwa upole, "kila mke wa mwimbaji husema hivyo."

Fundi alikuwa na la kumjibu. Alikuwa na majibu ya miaka thelathini, na mengine yalikuwa makali. Lakini pale jukwaani ubeti wa tatu ulikuwa unaanza, na hakuwahi kuusikia kwa sauti ya mwenyewe.

"Nyamaza, shemeji," alisema. "Nasikiliza."